Kusahau uzeeni: lini ni kawaida, lini ni ugonjwa, na namna ya kulinda kumbukumbu

Katika nyumba nyingi za Ifakara na vijiji vya Bonde la Kilombero yupo mzee ambaye ukimuuliza habari za zamani anakupa zote. Atakueleza jinsi reli ya TAZARA ilivyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nani alihamishwa kutoka wapi wakati wa Operesheni Vijiji, na foleni ya kusubiri kivuko ilivyokuwa kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018. Lakini mzee huyohuyo, nusu saa baada ya kunywa chai, anauliza kwa nini leo hajaletewa chai.

Nyumbani watu wanasema, "Ni uzee tu, mwacheni." Wengine wananong'ona kwamba amerogwa, au vibaya zaidi, kwamba yeye mwenyewe ana mambo yake. Kauli zote hizo zina madhara ya aina moja: zinamfanya mzee asipelekwe kupimwa. Sehemu ya wazee wanaosahau wana tatizo linalotibika kabisa. Wengine wana ugonjwa usiopona, lakini unaoweza kupunguzwa kasi na kutunzwa kwa heshima. Na sisi tulio na miaka 40 au 50 leo tuna mengi ya kufanya ili yasitufike mapema.

Makala haya yanaeleza tofauti ya hali hizo, na hatua ambazo mtu wa bonde letu anaweza kuzichukua kwa vitu alivyo navyo.

Kwa nini ya zamani hayapotei na ya leo yanapotea?

Kumbukumbu haikai mahali pamoja ndani ya ubongo. Jambo jipya, kama jina la mgeni au mahali ulipoweka ufunguo, hupitia kwanza sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, upande wa masikio, iitwayo hipokampasi. Sehemu hiyo ndiyo inayolipokea jambo na kulisaidia liandikwe. Mambo yaliyorudiwa mara nyingi, au yaliyokuja na furaha, hofu au huzuni, husambaa na kujikita sehemu nyingine za ubongo kwa miaka mingi.

Ndiyo maana mtu aliyekuwa kijana mwaka 1973 anaweza kukumbuka vizuri kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya", iliyokusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili usafi, malaria na uchimbaji wa vyoo. Habari hiyo aliisikia, akaijadili na wenzake, kisha akashika jembe na kuchimba choo. Iliingia kwa njia tatu. Chai ya asubuhi ya leo imeingia kwa njia moja tu, na kama hipokampasi imeanza kuchoka, haiandikwi kabisa.

Kwa hiyo mzee kusimulia vizuri ya zamani si uthibitisho kwamba kumbukumbu yake ni nzima. Kipimo ni mambo mapya: ya leo, ya jana na ya wiki hii.

Kusahau kwa kawaida na kusahau kwa ugonjwa

Umri unapoongezeka, ubongo hupunguza kasi kama magoti yanavyopunguza kasi. Mtu huchukua muda kidogo kukumbuka jina, hushindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja, na husahau alichofuata chumbani. Hiyo ni kawaida. Alama yake ni kwamba jambo linarudi baadaye, au ukimkumbusha anasema, "Ee, kweli, nilikuwa nimesahau."

Ishara zinazotaka mtu apimwe ni hizi:

- Anauliza swali lilelile mara nyingi kwa siku moja, na ukimkumbusha kwamba amekwisha jibiwa, hakumbuki kuuliza wala kujibiwa.
- Anapotea kwenye njia aliyoipita miaka yote, kama njia ya kwenda shambani, msikitini au kanisani.
- Anashindwa kazi aliyoimudu maisha yake yote: kupika wali, kuhesabu chenji, kukadiria mbegu za shamba lake.
- Anaweka vitu mahali pasipo pake, kisha anawatuhumu watu wa nyumbani kuwa wameiba.
- Anakosa maneno ya vitu vya kila siku, au hatambui watu wa karibu.
- Tabia inabadilika: aliyekuwa mpole anakuwa mkali, aliyekuwa msafi haogi.

Ishara moja kwa siku moja si ugonjwa. Lakini zikionekana zaidi ya moja, zikaendelea kwa miezi na kuharibu shughuli za kila siku, huo si uzee tu.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Usimpime mzee kwa kumuuliza mwaka aliozaliwa au tarehe ya leo. Wazee wengi wa bonde hili walizaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuwafikia, na miaka yao huhesabiwa kwa matukio: mafuriko fulani, Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967. Kutojua tarehe si ugonjwa kwa mtu ambaye hajawahi kuishi kwa tarehe. Muulize anachopaswa kukijua: leo ni siku gani ya wiki, mwenyekiti wa kijiji au mtaa ni nani, jana mlikula nini, mjukuu aliyekuja juzi ni wa nani.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura

Hili ndilo jambo la kwanza la kulishika. Kusahau kunakotokana na magonjwa ya uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee ambaye juzi alikuwa mzima, leo anaongea maneno yasiyoeleweka, hajui yuko wapi, anaona vitu visivyokuwepo, au amelala tu na haamki vizuri, huyo ana ugonjwa mwilini unaohitaji matibabu siku hiyohiyo.

Katika bonde letu cha kwanza cha kufikiria ni malaria. Mzee anaweza kuwa na malaria bila joto kali kama la mtoto, na dalili kubwa ikawa kuchanganyikiwa. Nyingine ni homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, kupungukiwa maji mwilini wakati wa jua kali au kuharisha, na sukari kushuka au kupanda kwa wenye kisukari.

Kama kuchanganyikiwa kumekuja pamoja na mdomo kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, au maneno kushindwa kutoka, inawezekana ni kiharusi. Usimpe chakula wala dawa kwa mdomo, na usisubiri kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

Ulizia pia kama alianguka. Mzee akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, na kuchanganyikiwa kukaonekana siku au wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwisha sahau kwamba alianguka.

Kusahau kunakotibika

Kabla mtu hajaambiwa kuwa ana ugonjwa usiopona, kuna mambo ambayo daktari au tabibu anapaswa kuyaangalia. Yajue, uweze kuyauliza.

*Masikio na macho.* Mtu asiyesikia vizuri hawezi kukumbuka alichoambiwa, kwa sababu hakikuingia. Wakati mwingine kilichoziba sikio ni nta tu, na muuguzi anaweza kuitoa. Usiitoe kwa njiti au unyoya. Mtoto wa jicho naye humfungia mzee ndani, akose kuona nyuso na njia. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi.

*Dawa.* Dawa kadhaa zinazouzwa madukani humchanganya mzee. Piriton ya mafua na muwasho, Valium ya usingizi, na amitriptyline inayotolewa kwa maumivu ya neva, zote zinaweza kuleta usahaulifu na kuanguka. Unapokwenda kituoni, weka dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba, uende nazo. Usimwachishe dawa aliyoandikiwa bila kuuliza.

*Sonona.* Mzee aliyefiwa na mwenzi wake, au ambaye watoto wote wamehamia mjini, anaweza kukaa kimya, akakosa hamu ya kula na kusahau mambo. Moyo umeelemewa, na akili haina nafasi ya kupokea jipya. Sonona inatibika, na mara nyingi kumbukumbu hurudi.

*Pombe na mchele mweupe.* Ubongo unahitaji vitamini B1 ili utumie sukari kama nishati. Katika mpunga, sehemu kubwa ya vitamini hiyo imo kwenye pumba. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aligundua kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe tu waliugua mishipa ya fahamu, na waliporudishiwa pumba walipona. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Mtu anayekula wali kwa maharage, samaki na mboga hana sababu ya kuogopa, kwa sababu vitamini hiyo anaipata kwingine. Aliye hatarini ni mnywaji wa gongo au pombe nyingine kila siku, ambaye chakula chake ni wali mkavu kidogo au hakuna kabisa. Pombe huzuia hata ile B1 kidogo isiingie mwilini. Mtu wa namna hiyo huanza kuyumba hata asipolewa, macho humchezacheza, halafu kumbukumbu ya mambo mapya inakatika. Akipewa sindano za vitamini B1 mapema anaweza kupona. Akicheleweshwa, usahaulifu huo hubaki.

*Vitamini B12.* Hii inapatikana kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Wazee wasiokula vyakula hivyo huikosa, na wenye kisukari waliotumia metformin kwa miaka mingi nao wanaweza kupungukiwa.

*Tezi ya shingo na maambukizi ya muda mrefu.* Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo, mtu huwa mzito, huhisi baridi na kusahau. Kaswende isiyotibiwa na virusi vya UKIMWI pia hugusa ubongo. Dawa za kufubaza virusi zimewawezesha watu wengi wa Kilombero na Ulanga kuishi hadi uzeeni, na kuzitumia bila kuruka ni njia mojawapo ya kulinda kumbukumbu zao.

Dimensia ni nini?

Sababu hizo zikiondolewa na usahaulifu ukaendelea kukua, hapo tunazungumzia dimensia. Dimensia ni jina la jumla la hali ambayo ubongo unapoteza uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kuongoza shughuli za kila siku. Ya kwanza kwa wingi ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Ya pili inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, mara nyingi kwa sababu ya presha na kisukari. Wazee wengi wana mchanganyiko wa zote mbili.

Zamani ilidhaniwa kwamba ugonjwa huu ni wa nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya 60 kati ya kila 100 waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu Tanzania, watafiti walikwenda vijijini katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na dimensia. Karibu wote walikuwa hawajawahi kuambiwa hivyo na mhudumu yeyote wa afya. Familia zao zilijua kwamba mzee amebadilika, lakini wengi waliona ni uzee.

Kutokana na kazi hiyo kilitengenezwa kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, siku ya leo, jina la kiongozi wa kijiji, hutaja wanyama, hukumbuka orodha ya maneno 10, na hupanga njiti 4 za kiberiti kwa umbo alilooneshwa. Ukiona mhudumu wa afya akimuuliza babu mambo ya njiti, hafanyi mchezo.

Dimensia haina dawa ya kuiponya. Zipo dawa kama donepezil zinazoweza kupunguza dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa. Ndiyo maana kinga ina uzito mkubwa.

Mambo yanayolinda kumbukumbu

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilipitia ushahidi wa dunia nzima, likataja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu nusu ya visa vya dimensia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengi ya mambo hayo yako ndani ya uwezo wa familia.

*Presha.* Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma makala haya, pima presha. Katika wilaya hiyohiyo ya Hai, karibu wazee 70 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na presha ya juu, na wengi hawakujua. Presha haiumi. Inakwangua mishipa midogo ya ubongo miaka 20 kabla kumbukumbu haijaanza kuyumba, ndiyo maana muda wa kuidhibiti ni ukiwa na miaka 40 na 50. Ikipimwa mara kwa mara na kukutwa 140/90 au zaidi, fuata ushauri wa kituo cha afya. Punguza chumvi ya mezani, na ile iliyojificha kwenye samaki wakavu wa chumvi na viungo vya paketi. Ukiandikiwa dawa, ni za kila siku, hata ukijisikia mzima.

*Kisukari.* Sukari nyingi kwenye damu huharibu mishipa ileile. Huhitaji kuuacha wali katika bonde la mpunga. Punguza kipimo chake kwenye sahani, jaza nafasi iliyobaki kwa mboga za majani na maharage, na punguza sukari kwenye chai na soda.

*Mwili kutembea.* Anayelima, kutwanga na kutembea kwenda sokoni anaufanyia ubongo wake kazi nzuri, kwa sababu damu inapita. Hatari huja pale mzee anapoambiwa, "Pumzika, umechoka," akawekwa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni. Mwachie kazi anayoiweza: kumwagilia bustani, kupukuchua mahindi, kuchambua mchele. Nusu saa ya kutembea karibu kila siku inatosha kwa mtu asiye na kazi ya jembe.

*Chakula.* Bonde letu limejaliwa. Perege na kambale wa mtoni, dagaa, matembele, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, karanga, maembe na mapera ni chakula cha ubongo kinachopatikana bila kwenda duka la dawa. Hakuna haja ya kununua vidonge vya "kuongeza akili" vinavyotangazwa mitaani.

*Kichwa.* Bodaboda sasa ni usafiri wa kila mtu. Jeraha la kichwa la ujanani huongeza hatari ya dimensia uzeeni, hivyo kofia ngumu ni ya dereva na abiria. Usiku, mzee awe na taa njia ya kwenda chooni.

*Moshi.* Sigara, na moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na upenyo, huingia mapafuni na kuharibu mishipa ya damu. Pikia mahali pa wazi, au fungua dirisha la jikoni.

*Akili kufanya kazi.* Ubongo uliozoezwa una akiba. Ugonjwa ukianza kuula, unachukua muda mrefu zaidi kabla athari haijaonekana. Shule ya utotoni inajenga akiba hiyo, na kumsomesha binti leo ni kinga ya uzee wake. Lakini akiba inaongezwa katika umri wowote. Bao ni mfano mzuri: mashimo 32, kete 64, na mchezaji anapaswa kuhesabu mbele hatua kadhaa huku akimwangalia mwenzake. Vitendawili na wajukuu, kujifunza wimbo mpya wa kwaya au kasida, kuweka hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, kusikiliza taarifa ya habari kisha kumsimulia mtu aliyeikosa, yote ni mazoezi. Muhimu ni kuwa jambo liwe jipya na litoe jasho kidogo la akili.

*Watu.* Upweke ni sumu ya kumbukumbu. Bao huchezwa na watu, na pengine hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Mambo haya hufanya kazi vizuri yakiwa pamoja. Nchini Finland, watu 1,260 wenye miaka 60 hadi 77 walifuatiliwa kwa miaka 2. Nusu yao walisaidiwa kula vizuri, kufanya mazoezi ya mwili na ya akili, na kudhibiti presha na sukari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa hao walikuwa na uwezo mzuri zaidi wa kufikiri kuliko waliopewa ushauri wa kawaida tu.

Msimu wa shamba

Bonde la Kilombero lina tatizo lake ambalo mwongozo wa mjini hauligusi. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani kwa wiki au miezi. Mzee hubaki nyumbani na watoto wadogo, au hupelekwa shambani akakaa kwenye dungu kufukuza ndege, mbali na watu na mbali na zahanati. Dawa za presha zinakatika, mazungumzo yanakatika, na malaria iko karibu.

Kabla ya kuhama, chukua dawa za kumtosha mzee kwa muda wote mtakaokuwa shambani, au panga siku ya mtu kurudi kuzichukua. Mwekee chandarua, pia kule dungu. Kama anabaki nyumbani, mkabidhi kwa jirani mmoja kwa jina, si kwa "majirani" wote, na mpigie simu kila siku saa ileile. Mzee ambaye amekwisha anza kusahau asiachiwe mtoto mchanga, jiko la moto wala kazi ya kulinda shamba peke yake.

Kama mzee ameshaanza kupoteza kumbukumbu

Usibishane naye. Akisema anamsubiri mume wake aliyefariki miaka 15 iliyopita, kumwambia "Bibi, babu si alishakufa?" ni kumpa msiba upya kila siku. Mwulize, "Babu alikuwa anapenda nini, bibi?" Atasimulia, na atatulia.

Fanya siku ziwe na utaratibu mmoja: kuoga, kula na kulala saa zilezile. Weka vitu vyake mahali pamoja. Mwambie jambo moja kwa wakati mmoja. Mwandikie namba ya simu ya nyumbani kwenye karatasi ndani ya mfuko wa nguo, kwa ajili ya siku atakayopotea.

Mkutanishe na wenzake. Hukohuko Hai, wazee 34 wenye dimensia walikusanywa kwa vikundi katika vipindi 14 vya kuimba, kuzungumza habari za zamani, kutambua vitu na kucheza. Uwezo wao wa kufikiri uliongezeka na wasiwasi ulipungua. Kazi hiyo haihitaji mashine. Wazee watano chini ya mwembe, na mtu mmoja wa kuongoza mazungumzo, wanaweza kuanza.

Mtunzaji naye aangaliwe. Kazi hii mara nyingi humwangukia binti mmoja au mkamwana mmoja, usiku na mchana. Ndugu wapeane zamu, na walio mbali wasitume fedha tu bali waje wakae wiki, ili mwenzao alale.

Kuna pia suala la ardhi. Katika bonde ambalo shamba ndiyo mali, mzee anayesahau anaweza kuuza kipande kimoja kwa watu wawili, au kuwekeshwa dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Mipaka na wosia viandikwe mapema, mzee akiwa na akili zake timamu, mbele ya mashahidi na uongozi wa kijiji. Kufanya hivyo si kumwombea kifo. Ni kulinda neno lake.

Mwisho, uchawi. Mzee anayezurura usiku, anayeongea peke yake au aliyekutwa kwenye ua wa jirani bila kujua alifikaje, ni mgonjwa aliyepotea. Mrudishe nyumbani. Nchi yetu imewapoteza wazee wengi, hasa akina mama, kwa tuhuma za namna hiyo. Ukisikia mzee anatishiwa, toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na polisi.

Pa kuanzia

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba mzee apimwe presha, sukari, malaria, wingi wa damu, masikio na macho, na ueleze usahaulifu ulianza lini na unaendaje. Tatizo likizidi uwezo wao, omba rufaa. Kwa walio Ifakara na vijiji vya jirani, Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis ndiyo hospitali kubwa ya bonde. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua wazee kuanzia miaka 60 na haki ya wasio na uwezo kutibiwa bila malipo, hivyo ulizia kitambulisho cha matibabu ya wazee kwa mtendaji wa kata au kijiji chako kabla ya safari.

Nenda na mtu anayeishi na mzee, si yule aliyefika jana kutoka mjini, kwa sababu ndiye anayejua kilichobadilika. Na wewe unayempeleka, mkifika, nyoosha mkono wako pia upimwe presha.